Tazama Wanavyoanguka: Namna ya Kusoma Picha za Vita za Waitalia

Kwenye mkahawa mmoja wa Malindi, mji ambao Waitalia wameuzoea kiasi kwamba wauza shanga wa ufukweni wanakutajia bei kwa Kiitalia, kuna picha ukutani karibu na mlango wa jikoni. Fremu yake imeliwa na chumvi ya bahari. Ndani yake mna ukurasa wa gazeti la kale: askari wenye manyoya meusi kofiani wanapanda kilima cha mawe, singe zimetangulia, moshi umetanda nyuma yao. Kijana aliyeniletea kahawa aliona nimekodoa macho.

"Hao ni askari wa kwao, mzee," akaniambia. "Vita ya zamani. Walishinda."

Nikamuuliza amejuaje kwamba walishinda. Akacheka. "Si unaona mwenyewe? Hakuna hata mmoja anayekimbia."

Kijana yule hakuijua vita yenyewe, lakini picha aliisoma sawasawa na alivyotaka aliyeichora. Hapo ndipo ugumu wa michoro ya vita unapoanzia. Tunaitazama kana kwamba ni shahidi aliyekuwepo, ilhali mara nyingi ni wakili aliyelipwa.

Ndani ya picha ya vita kuna nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Kuna jicho: mchoraji mwenyewe alikuwa wapi siku ile? Kuna mfuko: nani alilipa, na nani alitarajiwa kuinunua? Halafu kuna mkono: kila mchoraji amefundishwa mahali fulani kwamba shujaa huchorwa hivi na adui huchorwa vile, na mkono ukishazoea hauombi ruhusa. Askari wa Italia wanafaa sana kwa somo hili, kwa sababu katika muda usiofika miaka themanini walichorwa na watu wa kwao, na maadui zao, na watu ambao hawakuwahi kusikia risasi ikilia. Mimi katika picha hizo zote huanza na jambo moja dogo: natazama jinsi watu wanavyoanguka.

Uwanja usio na anayeanguka

Mwaka 1859, Italia ikiwa bado haijawa nchi moja, majeshi ya Ufaransa na ya ufalme wa Piemonte yalikuwa yakipigana na Waaustria kaskazini mwa rasi ile. Mapigano ya Magenta yalitokea tarehe 4 Juni. Serikali ya muda ya Toscana, chini ya Bettino Ricasoli, ikatangaza shindano la uchoraji kuyaenzi mapambano ya taifa. Mshindi wa picha ya Magenta akawa Giovanni Fattori, mtu wa Livorno.

Fattori hakupigana Magenta. Askari aliowachungulia kwa karibu walikuwa Wafaransa waliopiga kambi Firenze mwaka huohuo, na uwanja wa mapigano wenyewe aliuona baadaye, majani yakiwa yameshaota tena. Zaidi ya hapo, Magenta ilikuwa kazi ya Wafaransa kwa sehemu kubwa sana. Waitalia walichangia kidogo. Sasa utachoraje ushindi wa taifa ambao taifa halikuupigania sana? Fattori alichora kambi ya Waitalia baada ya mapigano. Katikati ya turubai kuna gari la majeruhi, na watawa wa kike wenye vilemba vyeupe wanawauguza. Askari wamesimama pembeni, wengine wametupa mgongo. Hakuna anayepiga, hakuna anayeanguka. Walioanguka wameshaokotwa.

Nampenda Fattori kuliko wachoraji wengi wa vita waliomfuata, na sababu ni hiyo migongo. Maisha yake yote aliendelea kuchora askari wakingoja, wakichoka, wakilinda ukuta uliounguzwa na jua. Mwaka 1880 akachora mpanda farasi aliyenaswa mguu kwenye kikuku, farasi anakimbia, mtu anaburutwa chali na kuacha mchirizi wa damu njiani. Hakuna adui kwenye picha hiyo, hakuna bendera, na jina la mapigano halikutajwa. Ilikuwa vigumu kuitumia kumhamasisha mtu yeyote.

Dogali: maiti zilizopanga mstari

Miaka mitano baadaye, Februari 1885, Italia ilishuka Massawa, bandari ya Eritrea ya leo. Mwanzoni mwa 1887 ilikuwa imeanza kusogea bara, ikiweka ngome hapa na pale, jambo ambalo Ras Alula, gavana wa Mfalme Yohannes wa Nne wa Ethiopia katika eneo hilo, alikuwa ameshawaonya waliache. Tarehe 26 Januari 1887, kikosi cha watu wapatao 500 chini ya Luteni Kanali Tommaso De Cristoforis kilikuwa kikipeleka chakula na risasi ngome ya Saati. Alula alikizingira Dogali. Bombomu mbili walizokuwa nazo Waitalia ziligoma. Ndani ya saa chache zaidi ya 400 walikuwa wamekufa.

Habari ilipofika Roma ilifika na maelezo ya ajabu: waliokwenda kuwatafuta walikuta maiti zimelala kwa mstari kama zipo kwenye gwaride. Fikiria uwanja wenyewe. Watu wamezungukwa na maelfu, risasi zimewaishia, wanapigana mkono kwa mkono juu ya kilima kisicho na mti. Mstari unyooke vipi? Lakini sentensi hiyo ilikuwa na kazi. Iligeuza kushindwa kuwa nidhamu. Wafu wale wakaitwa "Mia Tano", na uwanja ulio mbele ya stesheni kuu ya treni Roma unaitwa hivyo mpaka leo, Piazza dei Cinquecento, ingawa abiria wengi wanaokimbilia mabasi pale nadhani hawajui ni mia tano gani. Ukumbusho wao ukasimikwa mwaka huohuo, na jiwe lake ni nguzo ya Kimisri ya enzi za Farao Ramses wa Pili. Yaani waliokufa wakiivamia Afrika wakakumbukwa kwa jiwe la Afrika.

Serikali ilitaka pia picha, na ikamwendea Michele Cammarano wa Napoli. Huyu alikuwa na sifa tayari: mwaka 1871 alichora mabersaglieri, askari wa miguu wenye manyoya kofiani, wakimiminika kwenye ufa wa ukuta wa Roma kama vile wanataka kumkanyaga mtazamaji. Cammarano hakuridhika kuchora Dogali akiwa Napoli. Alisafiri hadi Massawa, akakaa huko miaka kadhaa, akichora vilima, jua, na sura za watu. Kwa upande wa jicho, basi, alijitahidi kuliko wengi: hakuyaona mapigano, lakini mahali alipaona.

Turubai lake ni kubwa mno, na leo lipo katika Galleria Nazionale d'Arte Moderna ya Roma. Waitalia wamebanana katikati, kikundi kidogo kilichoinuliwa na kilima. Waethiopia wanafurika kutoka kila upande. Ukilitazama kwa haraka huoni mstari wa gwaride. Cammarano alikuwa mkweli kidogo kuliko taarifa za magazeti. Lakini mkono haukumwacha. Mwanga umewaangukia wachache wale walio kati, na wale wengi wanaowazunguka wanakuja kama mawimbi. Jicho lako linaambiwa liwahesabu Waitalia mmoja mmoja na liwapime Waethiopia kwa wingi. Hila hiyo ni ya zamani katika uchoraji wa Ulaya: wachache wana nyuso, wengi wana mwendo.

Ajabu kubwa ni tarehe. Picha hiyo huwekewa mwaka 1896. Iliagizwa ili kuifuta aibu ya watu mia tano, ikakamilika mwaka ambao Italia ilipata aibu iliyo kubwa mara kumi.

Adwa: jicho moja

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1896, Jenerali Oreste Baratieri aliwapeleka mbele wanajeshi wake, Waitalia na askari wa Kieritrea pamoja, wapatao 17,000, kulikabili jeshi la Menelik wa Pili, mfalme wa Ethiopia, karibu na Adwa. Jeshi la Menelik lilikuwa takriban 100,000, na chakula chake kilikuwa kinakwisha. Pengine angesubiriwa siku chache angeondoka. Brigedi tatu za Kiitalia ziliongoza njia na ya nne ikafuata nyuma, usiku, milimani. Mchoro wa ramani waliopewa ulikosea jina la kilima kiitwacho Kidane Meret. Brigedi ya Jenerali Albertone, ambayo wengi wake walikuwa askari wa Kiafrika, ikaenda kilomita kadhaa mbele ya wenzake ikitafuta kilima chenye jina sahihi. Asubuhi ilipopambazuka, kila brigedi ilikuwa peke yake. Waethiopia walizimaliza moja baada ya nyingine. Kwa makadirio ya kawaida upande wa Italia ulipoteza wafu wapatao 6,000 na mateka wapatao 3,000. Majenerali Arimondi na Dabormida walikufa, Albertone alitekwa, na waziri mkuu Crispi akaanguka kabla mwezi haujaisha.

Sasa tazama michoro ya Adwa ya Waethiopia. Ipo mingi, imechorwa juu ya kitambaa cha pamba, mingine makanisani, mingine ilichorwa Addis Ababa katika karne ya ishirini kwa ajili ya wageni; British Museum wanayo, na Smithsonian wanayo. Mpangilio wake haubadiliki sana. Waethiopia wako kushoto, Waitalia kulia. Katikati mizinga inatemeana moto. Menelik amekaa juu kushoto, chini ya mwavuli. Malkia Taitu, mkewe, yupo juu ya farasi wake, bastola mkononi. Na juu ya wote, kati ya miale ya kijani, njano na nyekundu, Mtakatifu Giorgis anashuka na farasi mweupe, kwa sababu siku ile ilikuwa Yekatit 23, na tarehe 23 ya kila mwezi wa Kiethiopia ni yake.

Mtu aliyezoea picha za Ulaya huziona hizi kama za kitoto: hazina kina, watu wote wana kimo kimoja, hakuna vumbi. Huo ni uvivu wa macho. Waliozichora walitoka katika shule ya uchoraji wa kanisa, na shule hiyo ina kanuni kali. Mtu mwema huonyeshwa uso mzima, macho yote mawili. Mwovu huchorwa upande, jicho moja tu. Hivyo ndivyo Yuda anavyochorwa kwenye Karamu ya Mwisho, na ndivyo pepo wanavyochorwa. Waitalia wa Adwa, safu kwa safu, chini ya zile kofia zao pana za jua, wamechorwa upande. Jicho moja, jicho moja, jicho moja, mpaka pembe ya kitambaa. Muumini asiyejua kusoma hata herufi akisimama mbele ya picha hiyo alijua papo hapo nani ni nani, kama kijana wangu wa Malindi alivyojua.

Na wanavyoanguka! Waitalia wanaanguka kichwa chini, miguu juu, kofia zimewatoka, kama mbuyu uliopinduliwa. Wengine wamelala wameachama. Hakuna anayeanguka kifua mbele. Waethiopia wanaokufa ni wachache, na wanalala kwa heshima.

Ukiuliza kama hivi ndivyo ilivyokuwa, jibu ni hapana, tena hapana kwa namna ile ile picha ya Cammarano isivyo. Uwanja wa Adwa ulikuwa mapigano manne yaliyotengana mabondeni. Mchoro unayaunganisha yote kuwa safu mbili zinazokabiliana, kulia na kushoto, kama watakatifu na mashetani Siku ya Hukumu. Kilima cha Kidane Meret hakimo. Njaa ya jeshi la Menelik haimo. Wala haimo habari ya askari wa Kiafrika wa Italia waliotekwa, wapatao 800, ambao walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto kama wasaliti, wakati mateka wengi wa Kiitalia walirudi kwao baada ya mkataba wa Oktoba mwaka ule.

Hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna la kuchomekea. Waitalia waliwaita wale "ascari". Ni neno letu lilelile, askari, lililotoka Kiarabu na kupita bandari hizihizi. Katika picha za Waitalia, ascari huwa pembeni ya fremu, tarbushi nyekundu yenye shada, uso haujakamilika. Katika picha nyingi za Waethiopia ni shida hata kumwona. Pande zote mbili hazikuwa na mnunuzi aliyetaka picha yake.

Mtu wa Milano aliyekaa nyumbani

Ukurasa uliokuwa ukutani Malindi ulikuwa wa namna nyingine kabisa, na pengine ndiyo namna iliyowafikia watu wengi zaidi. Tarehe 8 Januari 1899, huko Milano, gazeti la Corriere della Sera lilianzisha toleo la Jumapili liitwalo La Domenica del Corriere. Ukurasa wa mbele na wa nyuma ulikuwa na picha kubwa ya rangi, na mchoraji wake tangu siku ya kwanza alikuwa Achille Beltrame. Alizichora kwa miaka ipatayo 45, michoro zaidi ya 4,000. Ajali za treni, matetemeko ya ardhi, harusi za kifalme, simba aliyetoroka sarakasi. Na vita.

Kumbuka kwamba sensa ya 1901 ilikuta karibu nusu ya Waitalia hawajui kusoma. Kwa nyumba nyingi za mashambani ukurasa ule ulikuwa ndiyo habari yenyewe. Watu waliukata wakaubandika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na hapo ukakaa mpaka moshi wa jiko uugeuze kahawia.

Beltrame hakusafiri. Alikuwa hodari kuliko kamera za wakati wake kwa sababu alikaa mezani Milano na kuchora kutokana na simu za waandishi, picha za kumbukumbu, sare alizoazima, na kichwa chake. Kamera ya 1916 ilipofika mbele ya handaki ilipata matope, waya, na mgongo wa mtu. Beltrame alipata tukio zima kwa mara moja: bomu linapasuka, mtu anaruka, adui anashangaa. Wapiga picha wa kweli hawakuweza kushindana naye, na wasomaji hawakulalamika.

Mfano unaotajwa kila mara ni Enrico Toti. Huyu alikuwa Mroma, mfanyakazi wa reli aliyepoteza mguu wa kushoto kazini mwaka 1908. Baadaye alizunguka Ulaya kwa baiskeli kwa mguu mmoja, akashuka hadi Misri. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza jeshi lilimkataa, bila shaka, lakini aling'ang'ania mpaka akaishia kwa mabersaglieri wa baiskeli kwenye mto Isonzo. Aliuawa tarehe 6 Agosti 1916 karibu na Monfalcone. Tuzo aliyopewa baada ya kifo inasema kwamba alipojeruhiwa aliwatupia maadui gongo lake.

Beltrame akalichora gongo hilo. Toti ameinuka, mwili umenyooka, mkono umevutwa nyuma, na kile kipande cha mti kinakaribia kuruka. Tangu hapo kila sanamu ya Toti, kila kadi ya posta, kila kitabu cha shule kimemweka katika mkao ule. Wanahistoria wamebishana juu ya ukweli wa dakika yake ya mwisho. Hakuna anayebishana juu ya mkao, kwa kuwa mkao tunao. Mtu aliyepigwa risasi mara kadhaa kwa kawaida hukunjamana. Mtu wa Beltrame hufa akiwa wima.

Hilo ndilo la kulitafuta katika kurasa zake. Waitalia wakianguka, mara nyingi wanaanguka kuelekea mbele, kifua kwa adui, mkono mmoja bado umeshika kitu: bendera, bunduki, mwenzake. Waaustria wanaanguka kinyumenyume au wanainua mikono. Ukiijua kanuni hiyo, unaweza kufunika maelezo yaliyo chini ya picha kwa kiganja chako na bado ukajua nani anapaswa kushinda.

Mambo ambayo hayakupata rangi

Kati ya 1915 na 1917 yalipiganwa mapigano kumi na mawili kwenye Isonzo, kwa ajili ya vilima vilevile. Vita nzima iliua wanajeshi wa Italia wapatao 650,000. Milimani, kwenye barafu ya Adamello, Waitalia walivuta mzinga wenye uzito wa zaidi ya tani sita hadi juu ya mita 3,000, wakaupa jina la "Kiboko", na uko hukohuko hadi leo. Habari za kuvuta mizinga theluji zilimfaa Beltrame: kamba zimekaza, migongo imeinama, pumzi zinatoka kama mvuke wa chungu. Jasho bila damu, na hakuna mdhibiti wa habari aliyeweza kulalamika.

Kuna vingine visivyochoreka. Jeshi chini ya Jenerali Cadorna, mkuu wa majeshi ya Italia, liliwaua kwa risasi askari wake lenyewe mamia kadhaa baada ya mahakama za kijeshi, bila kuhesabu waliouawa papo hapo bila mahakama. Halafu tarehe 24 Oktoba 1917 mstari wa mbele wa Waitalia ulivunjika Caporetto. Ndani ya wiki chache karibu askari 300,000 walitekwa, na maelfu kwa maelfu wengine walitupa bunduki wakashika njia ya nyumbani. Hebu jaribu kuichora hiyo kwa kanuni ya kifua mbele. Mkono wa Beltrame haukuwa na mkao wa mtu anayerudi kwao kwa miguu, amechoka, bila hata hasira. Fattori angeweza, lakini Fattori alikuwa amekufa tangu 1908.

Cadorna aliondolewa, akaja Armando Diaz, na jeshi likaanza kuifanyia picha kazi kwa makusudi zaidi: magazeti ya mahandakini yenye katuni, na mabango. Bango lililobaki vichwani mwa watu ni la Achille Mauzan, la 1917, la mkopo wa vita. Askari mwenye kofia ya chuma anakunyooshea kidole: wote timizeni wajibu wenu. Hakuna adui kwenye bango hilo wala uwanja wa vita. Aliyelengwa ni wewe unayelitazama.

Wale wasanii waliojiita wafuturisti walikuwa wameisifu vita miaka mingi kabla haijaja. Marinetti, kiongozi wao, aliiita usafi pekee wa dunia mwaka 1909. Walipojiunga na kikosi cha kujitolea cha baiskeli walikuta baridi na matope. Mmoja wao, Umberto Boccioni, ambaye mwaka 1915 alichora shambulio la wapanda farasi wenye mikuki, farasi wamekatwakatwa kuwa pembe na mwendo, hakuna hata uso mmoja wa mtu, alikufa Agosti 1916 kwa kuanguka kutoka kwa farasi wakati wa mazoezi. Sina la kuongeza hapo.

Kurudi Adwa, na baada yake

Oktoba 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia, na tarehe 6 mwezi huo ikaingia Adwa. Magazeti yalishangilia kwamba kisasi cha 1896 kimelipwa. Kurasa za rangi zikajaa vifaru, ndege, na ascari wanaokimbia mbele na tarbushi zao. Sasa walikuwa na faida, kwa hiyo walipata nafasi kwenye picha. Waethiopia walianguka kinyumenyume kama Waaustria walivyokuwa wakianguka. Askari waligawiwa kadi za posta zenye vichekesho kuhusu Waafrika ambavyo leo mtu wa kawaida hawezi kuvishika mkononi bila kichefuchefu.

Gesi ya haradali haikuchorwa. Ndege za Italia ziliimwaga tangu Desemba 1935, ingawa Italia ilikuwa imetia saini makubaliano ya Geneva ya 1925 yanayoikataza, na wizara yake ya ulinzi ilikubali rasmi mwaka 1996, miaka sitini baadaye. Gesi haina mkao. Mtu anayeungua ngozi bila kumwona aliyemdhuru hamfai mchoraji wa shujaa, wa upande wowote.

Na mwisho wa dola hiyo uliletwa kwa sehemu na watu waliozungumza lugha hii. Mwaka 1941 vikosi vya King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliopewa amri kwa Kiswahili, vilivuka mto Juba, vikaipita Somalia, na mwezi Novemba vikawa miongoni mwa vilivyoizingira Gondar, ngome ya mwisho ya Waitalia, iliyosalimu amri tarehe 27. Makumi ya maelfu ya mateka wa Kiitalia waliletwa Kenya. Lile kanisa dogo lililo kando ya barabara ya kushukia Mai Mahiu ni kazi ya mikono yao, ya 1942. Sijawahi kuona picha ya rangi ya Mwitalia inayoonyesha askari wa KAR akimpokonya ofisa bunduki yake. Wala sijaona ya Mwafrika wa Mashariki. Babu zetu walioipigana hawakuwa na gazeti la Jumapili.

Nilipomaliza kahawa nilisogea kuutazama ukurasa ule kwa karibu. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na sahihi ya Beltrame, imefifia. Nilihesabu nyuso kumi na tatu. Wawili walikuwa wanaanguka, wote kuelekea juu ya kilima. Maadui walikuwa mitutu mitatu inayochungulia mawe. Nyuma kabisa, karibu kupotea kwenye moshi, mmoja alikuwa amebeba sanduku la risasi begani na alikuwa akitazama alikotoka.

Kijana alikuja na bili, akasimama kando yangu.

"Sasa mzee, walishinda au hawakushinda?"

Nikamwambia chini ya picha palikuwa na maelezo, jina la kilima na tarehe, ila fundi wa fremu ameyakata ili ukurasa uingie.

"Basi walishinda," akasema, akachukua kikombe.